Gari lina kibali cha ulemavu, aliyeshuka anatembea vizuri tu: mlinzi afanye nini?

MlinziGeti

Wakuu, salaam. Naomba mwongozo kwa wanaoijua kazi hii. Ni maegesho ya nafasi 60 kwenye jengo la maduka na ofisi. Nafasi 3 za karibu na mlango zina nembo ya kitimwendo. Malalamiko yanatoka pande mbili: wapo wanaosema walinzi wanawaachia watu wazima wa afya wapaki pale, na wapo wenye vibali halali wanaosema wanahojiwa kama wezi. Maswali matatu.

Kwanza, kibali ni cha gari au cha mtu? Gari lile lile linaingia kila siku, kibali kinaning'inia kwenye kioo, lakini anayeshuka ni kijana anayeruka ngazi mbili mbili.

Pili, mlinzi anaruhusiwa kuuliza nini, na akitilia shaka achukue hatua gani? Mezani kuna mapendekezo mawili: kufunga magurudumu ya gari kwa chuma, au kuweka koni kwenye nafasi hizo na kuziondoa mwenye kibali akifika.

Tatu, mistari inachorwa upya karibuni. Nafasi zote zina upana wa mita 2.4, hizo 3 zikiwemo. Kuna la kuongeza, au tunarudia nembo tu?

---

KaraniVibali

Mkuu, nianze na la kwanza, maana ndilo linalozaa mengine. Kibali ni cha mtu. Mwenye nacho anakitumia akiendesha mwenyewe, akiendeshwa na mwanawe, akiwa ndani ya teksi, hata kwenye gari la kuazima. Na gari lake mwenyewe likitoka na mtu mwingine bila yeye, siku hiyo ni gari kama magari mengine. Majimbo ya Marekani hutoa pia namba za gari zenye nembo, lakini hata hizo hazimpi ndugu ruhusa ya kupaki pale akiwa katika shughuli zake.

Watu wakisikia "matumizi mabaya" hufikiria vibali vya kughushi. Vipo, nitavirudia. Ila kinachoziba nafasi siku hadi siku ni kibali halali kabisa mikononi mwa mtu asiye wake. Utetezi wa kawaida: "Nimekuja kumchukulia mama dawa." Mama yuko wapi? Nyumbani. Basi dawa zinaweza kubebwa kutoka nafasi ya mbali, dawa hazina ulemavu. Mengine ya kundi hili ni kibali cha marehemu ambacho familia haikurudisha, kibali cha muda cha aliyevunjika mguu na sasa amepona, na kibali kilichokwisha muda huku tarehe imefunikwa na karatasi ya bima.

Sasa kijana wako wa ngazi. Kabla ya kumhukumu, jua kwamba kuna hali tatu ambazo yuko sahihi. Huenda anakwenda kumchukua mwenye kibali aliyemo ndani ya jengo. Kanuni za Uingereza, kwa mfano, zinahesabu kumshusha na kumchukua kuwa ni matumizi halali. Huenda mwenye kibali amebaki kwenye kiti cha nyuma. Hapo Uingereza si kosa la kisheria, ingawa mwongozo wao unawataka wenye vibali wasikae garini ili wengine wafaidi nafasi. Na huenda kijana ndiye mwenyewe.

Hilo la mwisho ndilo linalowatoa walinzi kwenye reli. Nembo ile ya kitimwendo ilichorwa mwaka 1968 na mwanafunzi wa Denmark, Susanne Koefoed. Ya kwanza haikuwa na kichwa, Karl Montan ndiye aliyeongeza duara juu. Ni mchoro mzuri, unatambulika dunia nzima, ila umewafanya watu waamini kwamba asiye na kiti ni mwongo. Kanuni ya shirikisho ya Marekani inamtaja mtu asiyeweza kutembea futi 200, yaani kama mita 61, bila kusimama kupumzika. Humo wamo wenye maradhi ya moyo, mapafu na viungo. Mtu wa mapafu anaweza kushuka akiwa ametulia na kutembea hatua 20 vizuri, utamwona mzima. Tatizo liko kwenye hatua ya 80, ambako wewe humuoni. England tangu tarehe 30 Agosti 2019 imepanua vigezo wazi viwaingize wenye ulemavu usioonekana, kama usonji na matatizo makubwa ya akili.

Kwa hiyo mlinzi asipime miguu ya mtu. Apime vitu vinne tu, vyote vinaonekana kutoka nje ya gari:

– Kibali kipo na kimegeuzwa upande sahihi? Vile vya Uingereza vinalazwa kwenye dashibodi, upande wenye namba na tarehe ukiwa juu. Picha ya mwenye kibali iko upande wa chini, kwa hiyo usishangae huioni. Vya Marekani vinaning'inizwa kwenye kioo cha kati, au dashibodi kama kioo hakipo.
– Tarehe haijapita?
– Namba inasomeka yote? Kibali kilichosukumwa hadi pembeni mwa kioo, namba ikazama, kina sababu yake.
– Gari lipo ndani ya mistari?

Kama vyote viko sawa na bado kuna shaka, swali linaloruhusiwa ni moja: "Mwenye kibali yuko nawe leo?" Basi. Kuuliza "unaumwa nini" hakumhusu mlinzi, na ndiko kunakoleta yale malalamiko ya upande wa pili.

---

Mzee_wa_Geti3

Karani, unawalea mno. Vya kughushi viko vingi na walinzi hawafundishwi. Mpe mwenzetu alama za kuvitambua badala ya kumwambia aulize kwa upole.

---

KaraniVibali

Sawa mzee wangu, alama hizi hapa. Ghushi ya kawaida ni nakala ya rangi iliyotiwa plastiki. Vibali vya Uingereza vina alama ya kung'aa inayobadilika rangi ukisogea. Ya nakala inabaki kijivu kimoja au doa lililokufa, utazame kulia utazame kushoto. Kwa hiyo mlinzi asisimame sehemu moja, asogee hatua moja pembeni akiendelea kukitazama. Kingo nazo zinasema: karatasi ndani ya plastiki huacha mpaka mwembamba usio na rangi pembeni. Ya pili ni kubadili tarehe. Angalia tarakimu moja yenye wino mweusi kuliko jirani zake, au uso uliokwaruzwa. Ya tatu ni kibali kilichoibwa. Hicho ni halisi, jicho haliwezi kukikamata, ni namba tu ukiipeleka kwa mamlaka iliyokitoa.

Tahadhari moja. Kibali kilichofifia si lazima kiwe bandia. Kikiachwa juani kila siku wino hukimbia, na mwenye nacho hajui kwamba tarehe haisomeki. Huyo aambiwe akaombe kingine. Na ndiyo sababu wenye vibali wanashauriwa kukitoa gari likiwa haliko kwenye nafasi maalum: jua halikili, mwizi hakioni, na kile cha kuning'inia hakimzibi dereva barabara. Kuendesha kikiwa kinaning'inia, majimbo mengi ya Marekani yanakataza.

Hatua za mlinzi akiona kasoro. Aandike saa, namba ya gari, namba ya kibali na tarehe yake ya mwisho. Apige picha tatu: kibali kupitia kioo, namba ya gari, na gurudumu kwenye mstari. Watu wasiwemo kwenye picha. Aache karatasi kwenye kioo yenye maneno ya kawaida: "Kibali hakionekani / kimepita muda / gari limeziba mistari", na alama ya vema palipohusika. Gari hilo hilo likirudia mara ya tatu, kumbukumbu zote zipelekwe kwa mamlaka inayotoa vibali. Wao wana orodha ya waliofariki na ya vilivyoripotiwa kupotea, wewe huna.

Kunyang'anya kibali si kazi ya mlinzi. England sheria ya mwaka 2013 iliwapa maofisa wa mamlaka uwezo wa kukagua na kukichukua pale pale, hata wakiwa wamevaa nguo za kiraia, na faini ya matumizi mabaya inafika hadi pauni 1,000. Lakini hao ni maofisa walioteuliwa. Mlinzi wa jengo akimshika mtu mkono apokonye kibali, kesi inageuka kuwa ya kwake.

Na kufunga magurudumu? Fikiria kidogo. Gari limeziba nafasi kwa dakika 20, wewe unalifunga lizibe kwa saa 4. Aliyekuwa anaihitaji nafasi bado hajaipata. Isitoshe, kuna sehemu ni kosa: England na Wales zilipiga marufuku kufunga magari kwenye ardhi ya watu binafsi tangu Oktoba 2012.

---

KitiNaMagongo

La koni nijibu mimi, maana mapendekezo kama hayo hutoka kwa mtu ambaye hajawahi kufikiri nani atakayeiondoa.

Dereva wa kitimwendo akiwa peke yake hufanya hivi: anafungua mlango hadi mwisho, anatoa fremu ya kiti kutoka kiti cha abiria kwa kuipitisha juu ya kifua chake, anaishusha nje, anachomeka gurudumu moja, la pili, anaweka mto, anakiegesha kiti kikiwa kimeelekea kiti cha gari kwa mshazari, anafunga breki za kiti, ndipo anajisukuma kwa mikono kuhamia. Sasa mwambie afanye hayo yote katikati ya njia ya magari ili asogeze koni, kisha ayarudie kinyumenyume apaki, kisha ayafanye tena ashuke. Ataondoka. Nafasi itabaki "imelindwa" na tupu kutwa. Nguzo za kukunja zenye kufuli ni hadithi ile ile. Kama lazima iwepo koni, basi awepo mtu amesimama pale muda wote, na mtu huyo akiwepo koni haina kazi.

Jambo ambalo wengi hawalioni, hata Karani kalipitia juu juu: ile sehemu yenye mistari ya mshazari kando ya nafasi. Watu huiona kama uwazi uliobaki. Pikipiki zinaingizwa pale, toroli za dukani, vyungu vya maua, na dereva wa "dakika mbili tu". Akikuta nafasi imechukuliwa, mtu wa kitimwendo anakwenda kutafuta pengine, anakasirika, yanaisha. Akirudi na manunuzi yake akakuta mistari imezibwa, hawezi kuingia kwenye gari lake mwenyewe. Mlango haufunguki vya kutosha na kiti hakipiti. Anabaki nje, kwenye jua au mvua, hadi mtu asiyemjua arudi au apatikane wa kuligeuza gari lake. Kwa hiyo mlinzi akiwa na macho mawili tu, moja liwe kwenye mistari hiyo.

Na ndiyo maana mita 2.4 za MlinziGeti hazifai kitu. Kiti cha kawaida kina upana wa sentimita 60 hadi 70. Mlango ukifunguka wote unadai karibu mita nzima. Magari mawili yakipakiana kwenye nafasi za mita 2.4, kati yao hubaki kama sentimita 60. Nembo ipo, mtu hashuki.

Kwa wenye vibali wenzangu, hili si sheria bali ustaarabu: kama shida yako ni umbali na si upana, na kuna nafasi ya kawaida tupu karibu na mlango, ichukue hiyo. Ile pana yenye mistari mpishe mwenye gari la rampu, yaani lenye ubao wa kushushia kiti, kwa sababu yeye hana pengine pa kupaki.

---

FundiMistari

Swali la tatu ni langu. Natumia vipimo vya Marekani (ADA, sheria yao ya watu wenye ulemavu) kwa sababu viko wazi na vinapimika kwa futi ya mkononi. Kama nchi yako ina vyake, fuata hivyo.

Maegesho ya nafasi 51 hadi 75 yanadai nafasi maalum 3, na angalau moja kati ya kila sita, kwa hiyo kwako moja, iwe ya gari lenye rampu. Idadi yako iko sawa, upana ndio haupo. Nafasi ya gari dogo ni mita 2.44 pamoja na ukanda wa kushukia (ile sehemu ya mistari ya mshazari) wa mita 1.525. Ya gari la rampu ni mita 3.35 na ukanda wa mita 1.525, au mita 2.44 na ukanda wa mita 2.44. Nafasi mbili zinaweza kugawana ukanda mmoja. Upana unapimwa kutoka katikati ya mstari hadi katikati ya mstari.

Chukua nafasi tano za sasa, mita 12. Panga hivi: ya rampu 3.35, ukanda 1.525, gari dogo 2.44, ukanda 1.525, gari dogo 2.44. Jumla mita 11.28. Zinabaki sentimita 72. Usizigawegawe kila mahali, ziongeze zote kwenye ukanda ulio kando ya gari la rampu, kwa sababu rampu ikishashuka kiti nacho kinataka pa kugeukia. Umepoteza nafasi mbili za kawaida, zimebaki 58 jumla. Meneja atalia kidogo.

Ukanda uwe na urefu sawa na nafasi yenyewe, uwe usawa mmoja nayo, usiingie kwenye njia ya magari.

Mwinamo ndio unaoharibu kazi nyingi baada ya rangi kukauka. Kikomo ni 1 kwa 48, pande zote, kwenye nafasi na kwenye ukanda. Chukua pimamaji ya mita 1.2, ilaze chini, inua mwisho wa upande wa bondeni mpaka povu likae katikati, kisha pima uwazi chini yake. Ukizidi milimita 25, hapo hapafai: kiti kinateleza wakati mtu anahama, na mlango mzito unajifunga juu ya goti. Pima kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Karibu na mtaro wa maji mara nyingi utakuta 40 au zaidi. Rangi haitibu mwinamo, hamisha nafasi au mwaga lami upya.

Mteremko wa kupandia ukingo wa njia ya miguu usiuweke ndani ya ukanda. Hili nalikuta kila mahali, fundi anaona ameokoa nafasi. Kiti kinahitaji ardhi tambarare mtu anapohamia, siyo kilima. Uanzie nje ya kichwa cha ukanda. Na weka vizuizi vya magurudumu mbele ili pua ya gari isilale juu ya njia ya miguu. Njia ibaki angalau sentimita 91.5 wazi.

Urefu wa juu kwa gari la rampu ni mita 2.49, kuanzia getini hadi kwenye nafasi. Kama ni chini ya jengo, pima chini ya mabomba na mihimili, siyo chini ya dari.

Rangi: mistari ya zamani usiifunike kwa nyeusi. Usiku wa mvua ile nyeusi inang'aa kuliko nyeupe na dereva anafuata mstari uliokufa. Ikwangue. Ukipaka nembo kubwa au sakafu nzima ya bluu, changanya mchanga mkavu uliochekechwa, vinginevyo gongo likilowa linateleza. Na nembo ya chini haitoshi, gari likishapaki haionekani. Simamisha bango, ukingo wake wa chini uwe angalau mita 1.525 kutoka ardhini. Lile la rampu liongezewe maandishi yanayosema hivyo.

---

MlinziGeti

Nimeelewa, asanteni sana. Koni na chuma cha magurudumu nimeviondoa mezani. Moja limebaki: pikipiki za wapeleka mizigo zinajibanza kwenye mistari kila mchana. Nikisimika nguzo fupi za plastiki katikati ya ukanda zitazuia?

---

FundiMistari

Zitazuia pikipiki na rampu pia. Usiweke kitu chochote ndani ya ukanda. Wachoree pikipiki eneo lao kwenye kona isiyotosha gari, wasitembee zaidi kuliko wanavyotembea sasa kufika mlangoni. Wao hawafuati kivuli, wanafuata mlango. Ukiwapeleka nyuma ya jengo, kesho utawakuta pale pale.

---

KitiNaMagongo

Na andika neno USIPAKI ndani ya mistari yenyewe, herufi kubwa, lisomeke kutoka upande gari linapoingilia. Watu wengi kweli hawajui mistari ile ni ya nini.